Mkono wa Msikilizaji

Asubuhi nyumbani kwa Mzee Maige, pale Kiseke, zilifanana kila siku. Mama aliwasha moto wa uji, Rebeka akateka maji madumu mawili bombani, na baba akatafuta kofia yake nyumba nzima wakati amekwisha kuivaa. Hakuna aliyemwambia. Walimwacha azunguke mpaka ajipapase kichwa mwenyewe, ndipo wote wacheke na siku ianze.

Jumatatu hiyo baba hakutafuta kofia. Alikuwa ameketi mlangoni na viatu vya shule vya Rebeka mkononi, akivigeuza huku na huku. Mzee Maige ni fundi wa boti kule mwaloni, ufukweni zinapotia nanga boti za wavuvi, na macho yake yamezoea kutafuta palipolika.

"Hebu njoo hapa," alimwita binti yake. "Kiatu cha kushoto kizima kabisa. Cha kulia kimelika ncha yote. Mguu wako wa kulia huwa unakwenda shule peke yake?"

"Ni mawe ya njiani, baba."

"Mawe ya Kiseke siku hizi yanachagua mguu?"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Rebeka hakucheka. Alivichukua viatu, akavaa haraka, akaaga kabla uji haujapoa.

"Nitakibandika soli kabla ya Ijumaa," baba alipaza sauti nyuma yake. "Huwezi kusoma mbele ya kata nzima na kiatu kinachocheka! Nimeshawaambia watu wote mwaloni. Hata Masele atakuja, na Kiingereza chake chote ni 'good morning', tena anaisema mpaka jioni."

Rebeka alipandisha kilima mbio, ingawa hakuwa amechelewa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na shule nzima ilijua kwamba hakuna aliyemzidi kwa matamshi ya Kiingereza. Shule nzima, isipokuwa yeye mwenyewe na rafiki yake Precious.

Hapo inabidi nikueleze habari za Mwalimu Jovitha. Mwalimu huyu alitoka Bukoba, mama mpole wa maneno machache, lakini kulikuwa na jambo moja lililomkosesha raha: kusikia mwanafunzi akisoma "sit" na "seat" kwa sauti ileile.

"Kiswahili kinatusamehe," alizoea kusema. "Kiingereza hakisamehe. Sauti ndefu uivute, sauti fupi uikate. Na mdomo nao ukusaidie. Kwenye 'seat' midomo itanuke, kwenye 'sit' ilegee. Msikilizaji asione kitabu chako, asione hata uso wako, na bado ajue umesema nini."

Kwa hiyo aliwapanga wanafunzi wawili wawili, msomaji na msikilizaji. Msomaji alipewa kadi yenye maneno ishirini. Msikilizaji aliketi mbele akitazama ukuta, mgongo kwa msomaji. Akisikia sauti ndefu alinyoosha mkono wote juu. Akisikia fupi aliinua ngumi tu. Mwalimu alihesabu mara ngapi mkono ulikubaliana na kadi, na hizo ndizo zikawa alama za msomaji. Darasa lilipenda sana mchezo huo, maana hata aliyelala aliamka kuona mkono utakwenda wapi.

Msikilizaji wa Rebeka alikuwa Precious. Wiki ya kwanza ya muhula walipata tisa. Wiki ya pili, Rebeka akiwa anahangaika na neno "moon", kiatu chake cha kulia kiliteleza kwenye sakafu yenye mchanga, kikatoa sauti ndogo, kwaruu. Precious akanyoosha mkono. Ikawa sahihi.

Wakati wa mapumziko Precious alimnong'oneza, "Nilidhani unaniashiria." Wakatazamana. Tangu siku hiyo kila neno la sauti ndefu lilikuja na kwaruu yake. Kelele za darasa lenye watoto sitini na watano zilitosha kuificha. Wakapata kumi na tano, kisha kumi na nane, kisha ishirini. Wakamshinda Mhoja, msichana aliyehamia kutoka kijijini Misungwi, ambaye kwa jasho lake alikuwa hajapita kumi na nne. Mwalimu Jovitha akaandika jina la Rebeka kuwa msomaji wa shule kwenye mashindano ya kata. Nami nasema kweli, siku hiyo Rebeka alifurahi kana kwamba alama zile zilikuwa zake.

Sasa Jumatatu hiyo, baada ya paredi, Mwalimu Jovitha aliingia darasani na karatasi kutoka kata.

"Mashindano ni Ijumaa, saa nne, ukumbi wa kata. Kuna badiliko moja. Safari hii kila msomaji atapangiwa msikilizaji kutoka shule nyingine, kwa kura. Ni vizuri. Msikilizaji mgeni hana upendeleo. Rebeka, hilo si tatizo kwako, au vipi?"

"Hapana, Mwalimu," alijibu Rebeka, akauficha mguu wa kulia chini ya dawati.

Kuanzia saa hiyo hakutulia. Kwenye hesabu aliitwa ubaoni mara mbili asisikie. Jioni aliweka dumu chini ya bomba, akasimama akiliangalia linajaa, linafurika, maji yanatiririka mpaka kwa jirani, naye yuko palepale. Mama alimwachia asonge ugali, akatia chumvi.

"Ugali wa chumvi tangu lini katika nyumba hii?" mama alishangaa, akitema tonge. "Una nini, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Ni mashindano tu."

"Basi tulia. Utawashinda wote," alisema baba, akaendelea kula ugali wake wa chumvi bila kulalamika. Hilo lilimchoma Rebeka kuliko kama angefokewa.

Jumanne baada ya masomo alimvuta Precious mpaka kwenye mawe makubwa nyuma ya shule, mahali ambapo ziwa linaonekana lote mpaka visiwani. Alivua viatu, akasimama kwenye majani.

"Geuka. Tunafanya bila kiatu."

Precious aligeuka. Rebeka alisoma maneno ishirini, akijitahidi kuvuta na kukata kama alivyofundishwa. Mkono wa Precious ulipanda, ukashuka, ukasita hewani kama wa mtu anayetafuta swichi gizani. Walipohesabu, walikuwa na nane.

"Umesikiliza kweli?" Rebeka aliuliza kwa hasira.

"Nimesikiliza! Kwangu mimi yote sawa tu." Precious alikaribia kulia. "Rebeka, mimi sijawahi kusikiliza sauti yako. Nilikuwa nasikiliza kiatu."

Upepo wa ziwani ulipeperusha kadi, ikabidi Rebeka aikimbilie. Aliporudi, Precious alikuwa amepata wazo.

"Ijumaa sema una malaria. Wewe unalala nyumbani, Mwalimu anampeleka Mhoja, kesi imekwisha. Hakuna atakayejua."

Lilikuwa wazo rahisi, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Rebeka alilibeba njiani kote mpaka nyumbani, akajaribu hata kukohoa kidogo, akakumbuka kwamba malaria haikohoi. Alivua viatu mlangoni, akaenda kuteka maji, na aliporudi akamwona baba uani, amepiga magoti, anabandika soli kwenye kiatu cha kulia, misumari midogo ameibana kwa midomo. Alishindwa kupita mbele yake. Alizunguka nyuma ya nyumba.

Jumatano alifanya uamuzi mwingine, ambao aliuona bora kuliko wazo la malaria: atajifunza kwelikweli, siku mbili zilizobaki, na mtu pekee anayeweza kumsaidia ni Mhoja.

Mhoja aliishi na bibi yake karibu na ufukwe, kwenye nyumba ya chumba kimoja na uwanja mpana wa kuanikia dagaa. Rebeka aliwakuta wote wawili wanageuza dagaa kwenye vichanja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Wewe ndiye Lebeka?" Bibi alinyoosha mgongo, akamtazama vizuri. "Huyu hapa anakutaja kila siku. Karibu, kaa."

Mhoja alifurahi hata akasahau kunawa mikono. Hakuna mwanafunzi mwenzake aliyewahi kufika kwao. Wengi walimcheka kwa lafudhi yake ya Kisukuma. Rebeka alipomwambia kwamba anataka mtu wa kumsikiliza kabla ya Ijumaa, Mhoja alikaa chini mara moja, akageukia ziwa.

"Soma," alisema.

Rebeka alisoma. Mkono wa Mhoja haukusita hata mara moja, lakini Rebeka alipohesabu kwa kadi, alikuwa na saba tu. Mhoja aligeuka polepole, uso umejaa wasiwasi.

"Labda umechoka," alisema. "'Green' umeikata. 'Book' umeivuta, nayo ni fupi. Hebu sema tena, usikimbilie herufi ya mwisho. Kaa kidogo katikati."

Wakarudia, wakarudia tena, Mhoja akilisema kila neno kwanza. Bibi, ambaye hakujua Kiingereza hata neno moja, alisikiliza huku akichambua dagaa, na mara kwa mara akadakia, "Hilo hujavuta." Na alikuwa sahihi. Rebeka alishangaa.

"Bibi amejuaje?"

"Kisukuma nacho kina kuvuta na kukata," alisema Mhoja. "Ukikata pa kuvuta, umesema neno jingine, na bibi hakuachi. Mimi nimekua nikisahihishwa hivyo. Ndiyo maana nilidhani Kiingereza nitakiweza." Alichora mchanga kwa kidole. "Lakini nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Siku uliponishinda nililia. Bibi akaniambia, acha kulia, msikilize huyo mwenzio ujue anafanyaje. Nimekusikiliza miezi miwili, Rebeka. Kila unaposoma nasikia sauti fupi tu, halafu Precious ananyoosha mkono na Mwalimu anasema sahihi. Basi nikajua masikio yangu ndiyo mabovu. Nimemwambia Mwalimu muhula ujao asinipange tena kusoma."

Alisema hivyo kwa upole, bila kulaumu, kama mtu anayeeleza kwamba miguu yake haifai kwa mbio. Rebeka alisimama. Alimuaga bibi vibaya, akasahau hata kushukuru, akaondoka karibu anakimbia.

Alikuwa amefikiri kwamba ameiba alama tu. Hakujua kwamba amemharibia mwenzake masikio mazima kabisa. Njia nzima alijiona mchafu, na si uchafu wa kuoga ukaisha.

Alhamisi, kengele haijagongwa, alikuwa mlangoni pa ofisi ya walimu. Mwalimu Jovitha alikuwa peke yake, anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja mapema. Una wasiwasi wa kesho?"

"Mwalimu, sijui kusoma." Maneno yalimtoka yote kwa pamoja. "Najua kuburuta kiatu. Nilikuwa naburuta kiatu kwenye sauti ndefu, Precious anasikia. Zile ishirini si zangu. Jana Mhoja alinisikiliza nikapata saba. Na Mhoja anadhani masikio yake ni mabovu, Mwalimu, na si mabovu, ni mimi."

Mwalimu Jovitha aliweka kalamu chini. Hakufoka, ingawa Rebeka alikuwa akiomba afoke.

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili ya muhula."

"Na mimi nimekaa mbele ya darasa muda wote huo, nikishangilia kiatu." Mwalimu alitikisa kichwa. "Precious yuko wapi?"

"Niko hapa, Mwalimu," ilisikika sauti nyembamba nje ya mlango. Precious aliingia akiwa ameshika shingo ya shati lake. Alikuwa amemwona Rebeka akipita, akamfuata, akasikia yote, na miguu ikakataa kumkimbiza.

Kipindi cha kwanza Mwalimu Jovitha alileta kadi mpya, zenye maneno ambayo hakuna aliyeyaona. Alimwita Rebeka mbele na kumwambia awaeleze wenzake mwenyewe. Rebeka alieleza. Darasa lilianza kwa kucheka, likadhani ni utani, kisha likanyamaza, kisha minong'ono ikapanda mpaka Mwalimu akagonga meza. Mhoja hakunong'ona. Alikuwa ameinamisha kichwa, na Rebeka hakuweza kujua ana hasira au analia.

"Rebeka na Mhoja, mtasoma tena," alisema Mwalimu. "Msikilizaji atakuwa mmoja kwa wote wawili, Shigela."

Shigela, mvulana aliyekuwa msikilizaji wa Mhoja siku zote, aliketi akitazama ukuta. Mhoja alianza. Sauti yake ilitetemeka kwenye maneno matatu ya kwanza, kisha ikakaa sawa. Kumi na saba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupita kumi na nne, na darasa zima lilipiga makofi bila kuambiwa.

Rebeka alivua viatu vyake, akaviweka kando ya ubao, akasimama peku. Alisoma polepole. Hakusikia chochote ila sauti yake mwenyewe, na ilikuwa kama sauti ya mtu asiyemfahamu vizuri. Kumi na moja. Hakuna aliyepiga makofi.

Mwalimu Jovitha aliandika namba hiyo kwenye daftari lake, akakata zile ishirini kwa mstari mmoja mrefu.

"Mhoja ndiye atakayesoma kesho," alisema. "Rebeka na Precious mtafagia darasa hili mpaka muhula uishe. Na baba yako, Rebeka, utamwambia wewe, leo, kabla sijakutana naye."

Baba alikuwa mwaloni, anashindilia pamba kwenye nyufa za boti iliyopinduliwa. Rebeka alimwambia akiwa amesimama mbali kidogo. Nyundo ilisimama. Masele, aliyekuwa upande wa pili wa boti, akajifanya anatafuta kitu majini.

"Nimewaambia watu wote hapa," alisema baba hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Najua, baba. Naomba unisamehe."

"Soli nimebandika juzi. Nilipokuuliza kuhusu kile kiatu ukasema mawe." Alipangusa mikono taratibu kwenye suruali, na Rebeka aliona imemuuma kweli. "Kesho nitakuja vilevile."

"Kufanya nini, baba? Sisomi."

"Kumsikia huyo Mhoja. Wakiniuliza wangu yuko wapi, nitawaonyesha alipokaa, na sababu nitaisema. Utavumilia?"

Rebeka aliitikia kwa kichwa.

Ijumaa ukumbi wa kata ulijaa mpaka madirishani. Baba alikuja na kofia yake, na Masele alikuja naye, akimsalimia kila mtu "good morning" hata saa sita ilipokwisha kupita. Rebeka aliketi mstari wa nyuma na darasa lake. Aliona watu wawili watatu wakimwinamia baba kuuliza, akaona baba akigeuka na kumwonyesha. Masikio yakamwaka moto, lakini alibaki ameketi.

Mhoja alipoitwa, kura ilimpangia msikilizaji wa shule ya mbali, mvulana mrefu ambaye hawakuwahi kuonana naye. Bibi alikuwa mbele kabisa, kitenge chake cha kwenda kanisani kimenyooka. Mhoja akasoma neno la kwanza. Mkono wa mvulana ukaenda juu. La pili, ngumi. La tatu, juu. Watu wawili ambao hawakufahamiana hata majina walikuwa wanaelewana mbele ya ukumbi mzima, kwa sauti peke yake.

Rebeka alisahau aibu. Alifumba macho ili asione mkono wa yule mvulana, akasikiliza tu, na bila kujua akaanza kuinua mkono wake mwenyewe. Ndefu. Fupi. Fupi. Ndefu. Alipofumbua macho mwishoni, Mwalimu Jovitha alikuwa amesimama pembeni yake, anamtazama.

"Kumi na nane!" ilitangazwa kule mbele, na ukumbi ukalipuka. Mpaka mashindano yanaisha, ni mmoja tu aliyempita Mhoja katika kata nzima. Bibi alipiga vigelegele vitatu vya Kisukuma, mpaka mwenyekiti wa mashindano akasahau kusoma jina linalofuata.

"Wewe umepata ngapi?" Mwalimu Jovitha alimwuliza Rebeka, akiinama.

"Mimi, Mwalimu? Mimi sikusoma."

"Ulikuwa unainua mkono. Nimekuhesabia. Umekosea mara nne tu." Mwalimu aliketi kwenye benchi, ambalo lilikuwa fupi kwao wote, wakabanana. "Nisikilize, mwanangu. Zile ishirini zilikuwa nyingi, na hazikukufundisha neno hata moja. Zilimpotosha Mhoja, zikanidanganya mimi, zikamfanya baba yako ajivunie kitu ambacho hakipo. Kumi na moja ya jana ni ndogo, lakini ni yako, na kitu chako ndicho unachoweza kukiongeza. Jumatatu utakuwa msikilizaji wa Mhoja. Nilimwuliza asubuhi, amekubali."

"Amekubali?" Rebeka aliuliza.

"Amekubali. Ila amesema uje peku."